Nuru Katika Filamu: Asili ya Picha Nyeusi na Nyeupe, na Neno kwa Mwenye Kuanza

Leo twataka kuzungumza juu ya kazi ya kupiga picha nyeusi na nyeupe kwa filamu ya kadiri ya kati, yaani ile filamu pana iitwayo filamu ya 120. Vijana wengi wanaotaka kuianza kazi hii huuliza kwanza swali moja: "Tununue kamera gani?" Swali hilo si baya, lakini limewahi mno kuulizwa. Tukiitazama historia ya kazi hii tangu asili yake, twaona ya kuwa kamera ni sanduku tu. Mali yenyewe ni kile kipande cha filamu kilichopigwa na nuru, pamoja na maarifa ya kukifanya kionekane na kukitunza. Mwenye maarifa hayo hata sanduku la bei ndogo litamtosha.

Basi na tuanze mbali. Alikuwako mtaalamu mmoja, jina lake Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra katika nchi ya Iraki karibu na mwaka 965, akafanya kazi yake kubwa huko Misri. Kati ya miaka 1011 na 1021 aliandika kwa Kiarabu kitabu juu ya nuru na kuona, kiitwacho Kitab al-Manazir. Mtu huyu alipanga taa kadhaa mbele ya tundu dogo lililoelekea mahali penye giza. Ndani ya giza lile akaona ukutani madoa ya nuru, na hesabu yake ilikuwa sawa na hesabu ya taa. Alipoifunika taa moja, doa lake likatoweka; alipoifunua, doa likarudi. Kwa jambo hilo dogo akathibitisha ya kuwa nuru hupita kwa mstari ulionyoka, na ya kuwa nuru za taa nyingi hupita katika tundu moja pasipo kuchanganyika.

Mwanafunzi aweza kuona jambo la namna hiyo kwa macho yake mwenyewe. Mchana wa jua kali, afunge madirisha na milango ya chumba mpaka pawe giza, kisha atoboe tundu dogo katika karatasi nyeusi iliyozibwa dirishani. Baada ya macho kuzoea giza, ataona juu ya ukuta ulioelekea dirisha sura hafifu ya mti ulio nje, umesimama kichwa chini miguu juu. Chumba hicho ndicho kamera; na neno lenyewe "kamera", katika lugha ya Kilatini, maana yake ni chumba. Wachoraji wa Ulaya walitumia masanduku ya namna hiyo kwa muda mrefu, wakiifuata sura kwa kalamu. Lakini sura yenyewe haikukaa. Jua likitua, ilikwenda nalo.

Haja kubwa, basi, ilikuwa kupata kitu cha kuishika nuru. Katika karne ya 18 mtaalamu mmoja Mjerumani, Johann Heinrich Schulze, alionyesha ya kuwa chumvi za fedha hugeuka nyeusi kwa sababu ya nuru, wala si kwa sababu ya joto. Hata hivyo, mtu wa kwanza ambaye picha yake ya kamera imebaki mpaka leo hakutumia fedha, alitumia lami. Huyo ni Mfaransa Joseph Nicéphore Niépce. Mwaka 1826 au 1827 alipaka lami juu ya bamba la metali, akaliweka ndani ya kamera dirishani pa nyumba yake katika kijiji cha Saint-Loup-de-Varennes. Ilimpasa aiache kamera wazi muda wa saa nane au zaidi, hata ikapatikana sura ya mapaa na kuta. Bamba hilo lingali limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas, nchini Marekani.

Niépce alikufa mwaka 1833. Mshirika wake Louis Daguerre aliendelea na kazi, na tarehe 19 Agosti 1839 siri ya ufundi wake ikatangazwa hadharani mjini Paris. Picha za Daguerre zilikuwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, nazo zilikuwa safi ajabu. Lakini zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: kila picha ilikuwa moja tu, haikuweza kuzaa nyingine. Mzazi mwenye watoto watano akipigwa picha ya namna hiyo, mtoto mmoja ndiye atakayeirithi, nao wanne watabaki mikono mitupu.

Dawa ya upungufu huo ilitoka Uingereza. Mwezi wa Agosti mwaka 1835 William Henry Fox Talbot alikuwa amepata juu ya karatasi sura ndogo ya dirisha la nyumba yake, Lacock Abbey. Katika sura hiyo mambo yote yalikuwa yamepinduka: palipokuwa na nuru palikuwa peusi, na palipokuwa na giza palikuwa peupe. Mtu asiyefikiri angaliitupa. Talbot akaona ya kuwa akiiweka karatasi hiyo juu ya karatasi nyingine yenye dawa na kuipitisha nuru, weusi na weupe utapinduka mara ya pili, na picha itatoka sawasawa. Tena aweza kufanya hivyo mara kumi, au mara mia. Rafiki yake Sir John Herschel akaipa ile sura ya kwanza jina la negativu. Herschel huyo huyo alikuwa amegundua, mwaka 1819, chumvi inayoyeyusha chumvi za fedha. Na mwaka 1839 ikaanza kutumiwa kuondoa dawa isiyopigwa na nuru, ili picha isizidi kuwa nyeusi kila inapotazamwa mchana.

Twaomba msikilizaji alishike sana neno hili negativu, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Picha ya karatasi ni mtoto. Negativu ni mama. Mtoto akipotea, mama aweza kuzaa mwingine. Mama akipotea, uzazi umekwisha.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alifundisha namna ya kupaka dawa juu ya kioo badala ya karatasi, na negativu zikawa safi kuliko zile za Talbot. Lakini kioo hicho kilipaswa kupakwa, kupigwa picha na kusafishwa kingali kibichi. Kikikauka, kazi imeharibika. Kwa hiyo mpiga picha wa safari alichukua hema lake la giza, na vioo, na machupa ya dawa, na maji. Katika siku hizo za vioo kamera ilitumiwa pia kwetu pwani. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuja pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha huko Unguja. Lakini walipoingia bara, kazi ya kutayarisha vioo ndani ya hema lenye joto ilionekana kuwa nzito mno, naye akaiacha, akashika kalamu na rangi za maji. Mwaka 1871 tabibu mmoja Mwingereza, Richard Leach Maddox, alionyesha njia ya kuchanganya chumvi za fedha na jelatini. Njia hiyo ilipokwisha kutengenezwa vema, vioo viliweza kutayarishwa kiwandani, vikakaa vikavu mpaka vitakapohitajiwa.

Hapo ndipo alipotokea George Eastman, aliyekuwa karani wa benki katika mji wa Rochester, Marekani. Mwaka 1888 aliuza kamera ndogo aliyoiita Kodak, bei yake dola 25, nayo ilikuwa tayari na filamu ya kuzungushwa ya picha 100. Picha zikiisha, mwenye kamera aliipeleka yote kiwandani pamoja na dola 10. Kiwanda kikasafisha filamu, kikatoa picha, kikatia filamu mpya, kikamrudishia. Naye padri mmoja wa Marekani, Hannibal Goodwin, aliyetafuta kitu kisichovunjika cha kutilia picha za kuwafundishia watu habari za Biblia, alikuwa ameomba mwaka 1887 haki ya ugunduzi wa filamu ya seluloidi. Alipewa haki hiyo mwaka 1898, akafa mwaka 1900. Baada ya kesi ndefu, mwaka 1914 kampuni ya Eastman ililipa dola milioni 5 kwa wale walioirithi haki hiyo.

Natuyapime mambo haya kwa haki. Kamera ya Eastman iliwafungulia mlango watu wengi ambao hawangaliweza kamwe kuchukua hema la giza wala machupa ya dawa. Mama wa nyumbani, mkulima na mwanafunzi waliweza sasa kuwapiga picha watu wao wenyewe. Hiyo ni faida kubwa, wala hatuikani. Lakini kabla ya mwaka huo mpiga picha aliijua kazi yake yote, tangu kupiga mpaka kukausha picha. Tangu siku hiyo kazi ikakatwa vipande viwili. Mtu akabaki na kipande cha kubonyeza, na maarifa yote mengine yakaenda kiwandani. Mwenye picha akawa mgeni katika nusu ya kazi yake mwenyewe.

Mwaka 1900 kampuni hiyo ikauza kamera ya sanduku iitwayo Brownie, kwa bei ya dola moja. Mwaka 1901 ikafuata Brownie ya pili, na pamoja nayo ikazaliwa filamu ya 120. Namba hiyo si kipimo cha kitu. Ni namba ya orodha ya kiwanda tu. Filamu yenyewe ina upana wa sentimita sita na kidogo, nayo huzungushwa katika kijiti chake kama uzi wa cherehani, pamoja na karatasi ya kuizuilia nuru mgongoni. Juu ya karatasi hiyo zimeandikwa namba, na katika kamera za zamani mtu huzisoma kwa kidirisha chekundu kilicho nyuma. Filamu moja hutoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9, au picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6. Filamu za namba nyingine nyingi za zamani zimeachwa, lakini ya 120 ingali inatengenezwa, ingawa sasa watu wengi hupiga picha kwa simu.

Yafaa kueleza kwa nini filamu hii haikufa. Mwaka 1925 kiwanda cha Leitz nchini Ujerumani kilianza kuuza kamera ya Leica, yenye kutumia filamu nyembamba, na kila picha ilikuwa milimita 24 kwa 36. Ni kamera nyepesi, yafaa sana kwa mwenye haraka. Lakini picha ya mraba ya filamu ya 120, iliyo milimita 56 kila upande, ina eneo lililo zaidi ya mara tatu na nusu ya picha ile ndogo. Kwa hiyo haina haja ya kukuzwa sana, na alama za mikunjo ya uso au nyuzi za kanga hutoka wazi. Mwaka 1929 kiwanda cha Franke na Heidecke cha Braunschweig kilitoa kamera ya Rolleiflex yenye lensi mbili, moja ya kutazamia na moja ya kupigia. Mpiga picha huishika kifuani, akainamisha kichwa, akaona sura juu ya kioo. Kamera za namna hiyo, zilizotengenezwa na viwanda vingi, zingali zinafanya kazi.

Sasa twaja kwa mwenye kuanza. Akipata kamera ya zamani, kwanza aichunguze kama haivujishi nuru. Aingie nayo chumba cha giza, atie tochi ndogo ndani yake, atazame nje kwenye pembe na mikunjo yote. Filamu aitie kivulini, aikaze vizuri katika kijiti, asiiache ikafunguka. Na kidirisha kile chekundu akifunike kila asipokitumia, maana kina historia yake. Filamu za zamani hazikuona rangi nyekundu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua ya kuwa rangi fulani zikitiwa katika dawa huifanya ione zaidi, na filamu nyingi za sasa huona rangi zote. Kwa sababu hiyo filamu hizo hazisafishwi mbele ya taa nyekundu, bali katika giza tupu. Taa nyekundu ni ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe.

Pili, ajifunze kuipima nuru. Katika jua kali lisilo na mawingu, kwa filamu iliyoandikwa namba 100, tundu la lensi likiwekwa kwenye 16 na kilango kikifunguka kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, au karibu na hapo, picha itatoka vema. Mtu akiwa kivulini, nuru imepungua sana, basi afungue tundu zaidi. Tena aangalie uso wa anayepigwa picha. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe uliopigwa na jua, kipimo cha nuru hudanganywa na ukuta, na uso hutoka kama kivuli. Afadhali amketishe barazani au chini ya mwembe, apime nuru iliyo usoni pake, wala si ile ya ukuta. Na azoee kuona kwa jicho la filamu: kanga nyekundu juu ya majani mabichi hupendeza macho, lakini katika picha zote mbili zaweza kuwa kijivu kimoja.

Tatu, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, asafishe filamu yake mwenyewe. Kazi hiyo haina uchawi. Katika giza tupu filamu huzungushwa kwenye kigurudumu na kutiwa katika kopo lisilopenya nuru. Baada ya hapo taa yaweza kuwashwa. Kwanza hutiwa dawa ya kuitokeza picha, kwa muda ulioandikwa katika karatasi ya dawa, na kipimo cha joto kilicho desturi ni digrii 20. Katika pwani yetu maji huwa na joto kuliko hapo. Basi chupa za dawa zikae katika beseni lenye maji na barafu mpaka kipimajoto kishuke. Halafu filamu husukutuliwa, ikatiwa dawa ya kuikaza, ile iliyotokana na ugunduzi wa Herschel, ikaoshwa kwa maji mengi, ikatundikwa mahali pasipo vumbi. Dawa zisiwekwe katika chupa za vinywaji, wala karibu na vyombo vya chakula, wala mahali watoto wanapoweza kufika. Na dawa ya kukazia iliyokwisha kutumika ina fedha ndani yake, hivyo isimwagwe karibu na kisima.

Picha ya kwanza ya karatasi haihitaji chombo cha kukuzia. Katika chumba chenye taa nyekundu, vipande vya filamu hulazwa juu ya karatasi ya picha, kioo kikawekwa juu yake, na taa nyeupe ikawashwa kwa nukta chache. Hivyo ndivyo Talbot alivyofanya kwa nuru ya jua.

Huenda mtu akauliza, "Taabu yote hii ya nini, na hali wako watu wa kutufanyia kwa fedha?" Natumjibu kwa mfano wa Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali. Alikuwa kijana fundi seremala, na mwaka 1935 mjomba wake alimletea kutoka Senegal kamera ya Brownie. Hakutosheka na kubonyeza. Alijifunza kazi ya chumba cha giza kwa Mountaga Dembélé, aliyekuwa mpiga picha na tena mwalimu wa shule; na sisi walimu twafurahi kulitaja jambo hilo. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake. Hapo alitumia negativu kubwa zaidi, za sentimita 13 kwa 18, akazitunza kwa maelfu. Miaka mingi baada ya kuifunga studio, katika miaka ya 1990, negativu hizo zilitolewa picha mpya na kuonyeshwa Paris na penginepo, na watu wa nchi nyingi wakaziona nyuso na mavazi ya watu wa Bamako. Kama angalitunza picha za karatasi tu, tusingaliyaona hayo.

Na kwetu pia, mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja, na picha nyeusi na nyeupe za studio hiyo zimekuwa kumbukumbu ya mji na watu wake. Hata wale waliofika mwezini mwaka 1969 walijua ni kipi cha kurudi nacho. Walipoondoka waliiacha huko kamera ya Hasselblad waliyoitumia nje ya chombo chao, ili kupunguza uzito, nao wakarudi na filamu yake.

Katika nyumba nyingi za nchi zetu zimo bahasha za negativu za zamani, na watu hudhani ni takataka, kwa kuwa weusi na weupe wake umepinduka. Kabla hazijatupwa, mwenye nyumba azielekeze dirishani. Huenda ndani yake yumo babu ambaye picha yake ya karatasi ililiwa na mchwa zamani. Mwenye kuijua kazi tuliyoieleza aweza kumtoa tena babu huyo kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo mwenye kuanza na anunue filamu moja tu ya picha 12, si kumi. Apige picha hizo kwa utaratibu, azisafishe mwenyewe, kisha azikate na kuzitia katika bahasha safi, aziweke mahali pakavu. Juu ya bahasha aandike majina ya watu, mahali, na tarehe, maana filamu hushika uso, lakini haishiki jina. Akiisha kufanya hivyo, na anunue ya pili.